Magombo, Hokusai, vijitabu vya Edo au kamishibai: uanze na kipi ukitaka kujua anime ilikotoka?

Mjadala huu ukizuka kwenye kundi la wapenzi wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema kila kitu kilianza na Hokusai, mchoraji yule wa wimbi kubwa la buluu. Ya pili inarusha picha ya chura aliyembwaga sungura na kudai hiyo ndiyo manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya kwanza duniani, ina miaka 800 na ushei. Kambi zote mbili zina hoja, na zote zinaruka mambo. Japani ina angalau sanaa nne za zamani zinazotajwa kuwa mzazi wa manga na anime, na hazifanani: moja ilikuwa ya mahekalu na wakubwa, mbili za wachapishaji wa mjini, na ya nne ya mtu wa baiskeli aliyekuwa akiuza peremende.

Nimezipanga hapa sambamba kwa ajili ya mtu mwenye muda mchache anayetaka kuchagua pa kuanzia. Nimezipima kwa maswali matatu. Sanaa hiyo inasimuliaje? Kuna ushahidi gani kwamba iliwafikia kweli watu waliochora manga? Na wewe uliye Mombasa, Mwanza au Bukavu, utaionaje? Swali la pili ndilo linalorukwa kila mara, maana watu wakiona vitu viwili vimefanana hukimbilia kusema kimoja kimezaa kingine.

Magombo: picha inayosomwa kwa mikono

Emaki, yaani gombo la picha, ni mchoro mmoja mrefu juu ya karatasi zilizounganishwa, kimo chake kama sentimita 30 na urefu unaoweza kupita mita 10. Huutazami wote kwa mpigo. Unauweka mbele yako, mkono wa kushoto unakunjua, wa kulia unakunja ulichokwisha kuona, na macho yanabaki na kipande chenye upana wa mabega tu. Mwelekeo ni kutoka kulia kwenda kushoto, kama manga inavyosomwa mpaka leo. Kwa hiyo mtazamaji ndiye anayeamua mwendo. Akikunjua haraka, farasi wanapita mbio. Akisita, nao wanasita.

Maarufu kuliko yote ni Choju-giga, magombo manne ya hekalu la Kozan-ji mjini Kyoto, yaliyochorwa kati ya karne ya 12 na ya 13. Kwa muda mrefu yalisemwa kuwa kazi ya mtawa mmoja, Toba Sojo, ila ukiyatazama vizuri utaona mikono zaidi ya mmoja. Gombo la kwanza ndilo la kutafuta. Ni wino mweusi mtupu, bila rangi wala maneno. Sungura na nyani wanaoga mtoni, kuna mashindano ya mishale, kuna nyani anayekimbizwa, kisha inakuja mieleka. Chura anamng'ata sungura sikio. Sogea kidogo kushoto: sungura yuko chini chali, na chura yule yule amesimama mdomo wazi, mistari ya pumzi ikimtoka. Sisi tuliokuzwa na hadithi za Sungura asiyeshindwa na mtu tunabaki kumhurumia. Lakini tazama fundi alichofanya: wahusika wale wale wamechorwa mara mbili bila kisanduku chochote kati yao, na kitu kisichoonekana kwa macho, yaani pumzi, kimepewa mstari. Mbele kidogo kuna nyani aliyevaa joho la mtawa, anasoma sala mbele ya chura aliyekaa kama Buddha, na sauti yake nayo imechorwa kwa mistari inayomtoka kinywani.

Pamoja na umaarufu huo, mimi ningemwelekeza mtu kwenye gombo jingine: Shigisan engi la karne ya 12, mali ya hekalu la Chogosonshi-ji lililo mlima Shigi, mkoa wa Nara. Linasimulia habari za Myoren, mtawa wa mlimani ambaye bakuli lake huruka lenyewe kwenda kwa tajiri kuomba chakula. Siku moja bakuli linafungiwa ghalani. Mchoraji hapotezi muda kukutambulisha kwa mtu. Gombo linaanza pale pale ghala linapong'oka ardhini: watu wanatoka mbio, mikono juu, midomo wazi, wanawake kwa watawa, na ghala zima liko hewani likibebwa na bakuli. Tajiri anapanda farasi kulifukuza. Baadaye magunia ya mchele yanarudi nyumbani yakipaa kwa mstari mmoja kama kundi la ndege.

Katika gombo la pili la hadithi hiyo hiyo, kijana mlinzi aliyevaa panga mwili mzima anakimbia juu ya wingu kwenda kumponya mfalme Daigo. Mbele yake linabingirika gurudumu, na nyuma yake unabaki mkia mrefu mwembamba wa wingu unaokuonyesha alikotokea na kasi aliyokuja nayo. Mpe mtoto yeyote anayefuatilia anime picha hiyo, atakuambia huyu mtu anakwenda kasi. Gombo la tatu lina usiku mzima ndani ya picha moja: dada yake Myoren, mtawa mzee, yuko mbele ya Buddha mkubwa wa Todai-ji, na katika jengo lile lile moja anaonekana akiomba, akiwa amelala, kisha akiondoka. Sanamu yenyewe imechorwa jinsi ilivyokuwa kabla ya moto wa 1180.

Isao Takahata, mwongozaji wa Studio Ghibli, aliyapenda magombo haya kiasi cha kutoa kitabu kizima mwaka 1999 akitetea kwamba hizo ndizo filamu za katuni za karne ya 12. Hakuishia kwenye maneno. Filamu yake ya mwisho, ile ya 2013 kuhusu binti aliyepatikana ndani ya mwanzi, imeacha mistari ya brashi ionekane na sehemu za karatasi zibaki tupu.

Sasa swali la pili, na hapa ndipo magombo yanapopwaya. Nani aliyaona? Yalikuwa mali ya mahekalu na nyumba za wakubwa, yakafungiwa makasha kwa karne nyingi. Mtoto wa Osaka wa mwaka 1930 aliyekuja kuwa mangaka, yaani mchora manga, hakujifunzia hapo. Takahata aliyarudia akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, na hicho ni kisa tofauti na kurithi. Anayekwambia kuna mnyororo usiokatika kutoka kwa chura yule hadi kwa Luffy, shujaa wa One Piece, mwombe akuonyeshe pete za katikati.

Kuyaona si shida sana. Picha zake nzuri zinapatikana mtandaoni, na kwa bahati simu inafaa: unasukuma kwa kidole na mchoro unapita. Ila usikubali picha zilizokatwa vipande. Chura aliyekatwa peke yake ni kichekesho tu, utamu wote uko kwenye kusogea. Makumbusho ya Taifa ya Tokyo yaliliona hilo mwaka 2021 yalipoonyesha magombo yote manne kwa urefu wake wote: mbele ya gombo la kwanza waliweka njia inayotembea yenyewe kama zile za viwanja vya ndege, ukisimama inakupitisha.

Hokusai na chapa za mbao

Kitabu cha Hokusai kina jina la Manga, na hilo limewapoteza wengi, kwa sababu ndani yake hamna hadithi. Mwaka 1812 alifikia kwa mwanafunzi wake mjini Nagoya, akachora michoro zaidi ya 300, na mwaka 1814 mchapishaji Eirakuya Toshiro akatoa juzuu ya kwanza. Hokusai alikuwa amekwisha kupita miaka 50. Zilifuata juzuu nyingine hadi zikatimia 15, ya mwisho ikitoka 1878, miaka 29 baada ya yeye kufa. Zote kwa jumla zina michoro karibu 4,000, imechapwa kwa nyeusi, kijivu na waridi hafifu. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfundisha mtu kuchora.

Kwa hiyo ukiifungua ukitarajia kisa, utachoka. Ukiifungua ukiwa na penseli mkononi, hutoki. Juzuu ya 3 ina ukurasa wa wacheza ngoma ya shomoro, wanaume wenye kofia za majani, kila mmoja kashika pozi lake. Pitisha macho haraka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine na utaona mtu mmoja anacheza. Juzuu ya 6 ina mieleka ya kujihami, pinde, mikuki na bunduki, hatua kwa hatua. Juzuu ya 8 ina wanene wakioga, wakilala, wakijifurahisha, na upande mwingine wembamba wenye mbavu za kuhesabika. Mchoraji wa wahusika anayelalamika kwamba watu wake wote wana mwili mmoja angeinakili juzuu hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Zaidi ya kitabu hicho kuna ulimwengu mzima wa ukiyo-e, chapa za mbao, na hapa kuna jambo ambalo watu hulipita. Tukitazama chapa tunamtaja mchoraji peke yake, kumbe kazi ilikuwa ya watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua nini kitauzika. Mchoraji alileta mchoro wa wino. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri akaukata, na mchoro wenyewe ukaishia hapo hapo. Mchapaji alipaka rangi na kusugua karatasi kwa kisugulio cha duara, kila rangi na ubao wake, huku alama mbili ndogo pembeni mwa ubao zikihakikisha karatasi inakaa pale pale kila mara. Tangu 1765, kwa chapa za Suzuki Harunobu, rangi nyingi kwenye karatasi moja likawa jambo la kawaida.

Mstari mweusi kwanza, rangi bapa baadaye, kazi imegawanywa mezani kwa watu tofauti na mwenye pesa anahesabu nakala. Anayejua studio ya anime inavyofanya kazi anautambua mpangilio huo. Kwangu mimi undugu wa chapa za mbao na anime uko hapa, kwenye karakana, kuliko kwenye wimbi. Wimbi lenyewe la mwaka 1831 hivi limetumika hadi limechakaa, ingawa nikiri kwamba waliotengeneza anime ya Demon Slayer mwaka 2019 walipoyachora maji yanayotoka kwenye upanga wa shujaa wao Tanjiro kwa mtindo wa chapa hizi, yenye mistari ya kukoza na povu jeupe, yalipendeza.

Aliye karibu zaidi na shonen ya leo, yaani manga na anime za wavulana, ni Utagawa Kuniyoshi, si Hokusai. Mwaka 1827 alianza kutoa mashujaa wenye chale mwili mzima, misuli imevimba, upepo unavuma, kila karatasi ni kama jalada la toleo jipya. Mwaka 1844 hivi akachora kiunzi cha mifupa kikubwa kuliko jengo kikichungulia kupitia pazia, kimetanda karatasi tatu. Jini la mifupa unaloliona kwenye anime na michezo ya kompyuta likiitwa gashadokuro si la kale kama wengi wanavyodhani. Jina lake lilitungwa karne ya 20, na sura likapewa ya mifupa ya Kuniyoshi. Na serikali ilipopiga marufuku picha za waigizaji mwaka 1842, jamaa alichora ukuta uliochorwachorwa na wahuni, na katika ile michoro ya ovyo kila mtu mjini aliwatambua waigizaji wake.

Ushahidi wa kufika kwa mangaka upo wa kutosha: chapa hizi zilikuwa bidhaa ya watu wa kawaida, nakala zilikuwa nyingi, na hazikupotea machoni. Kuzipata ni rahisi kuliko zote, maana makumbusho makubwa ya dunia yana picha zake mtandaoni bila malipo, na zimetengenezwa kutazamwa zikiwa bapa, kwa hiyo simu haiziharibu.

Vijitabu vya jalada la njano

Hapa nitakuwa mfupi kidogo, si kwa sababu havina thamani bali kwa sababu wengi wetu hatutaweza kuvisoma. Kibyoshi ni vijitabu vya kurasa kama 30 vilivyouzwa Edo, yaani Tokyo ya zamani, kuanzia 1775 hadi 1806. Kila ukurasa una mchoro, na maneno yamejazwa kwenye nafasi yote iliyobaki, yakizunguka vichwa na miguu ya wahusika. Cha kwanza, cha Koikawa Harumachi, kinamhusu kijana wa shamba anayekwenda mjini kutafuta maisha. Anasimama kwenye duka la keki za mtama, keki zikiwa bado jikoni anasinzia, na ndoto inamtoka kifuani kama kiputo kikubwa kinachojaza ukurasa. Ndani ya kiputo anarithi utajiri, anautapanya kwa anasa, anafukuzwa. Akiamka keki hazijaiva.

Kwa muundo, hakuna kinachokaribia manga kuliko hiki: kisa cha watu wazima, utani wa mjini, picha na maneno havitenganishiki, mchapishaji anayejua soko. Serikali ilipoanza kubana, ladha ikakatika. Harumachi aliitwa na wakubwa mwaka 1789 akafariki mwaka huo huo. Santo Kyoden, bingwa wa fani hii, alifungwa pingu siku 50 mwaka 1791 kwa vitabu vyake vingine, na mchapishaji wake Tsutaya Juzaburo akapokonywa nusu ya mali. Vijitabu vikageuka kuwa virefu na vya kishujaa, vikatolewa kwa mafungu.

Katika hivyo virefu ndimo alimo mtu unayemjua. Kati ya 1839 na 1868, waandishi kadhaa wakipokezana, kilitoka kisa cha Jiraiya, jambazi mwenye uchawi wa chura. Mkewe ni Tsunade, mwenye uchawi wa konokono asiye na gamba. Adui yao ni Orochimaru, mfuasi wa zamani aliyechukua uchawi wa nyoka. Ndiyo, ni wale wale wa manga ya Naruto. Mtunzi wake, Masashi Kishimoto, aliwachukua majina na wanyama wao wakiwa wamekwisha kupita kwenye kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, na kwenye filamu isiyo na sauti ya mwaka 1921. Ukitaka kumwonyesha mtu mnyororo wenye pete zote, huu hapa, na ajabu ni kwamba haupiti kwa Hokusai wala kwa chura wa Kozan-ji.

Tatizo ni lugha. Maandishi yake ni ya mkono wa kale hata Wajapani wengi wa leo hawayawezi, na utani wake unategemea mambo ya mji uliokwisha kuondoka. Picha peke yake zinakupa nusu.

Kamishibai: mtu, baiskeli na sanduku

Kama ungeniuliza ni ipi kati ya hizi nne iliyoshikana mkono na manga kweli kweli, jibu langu ni hii ambayo watu wa mitandao hawaitaji. Pengine kwa sababu si nzuri ya kutundika ukutani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka, wanaume wasio na ajira walizunguka mitaa ya Tokyo kwa baiskeli. Nyuma ya baiskeli kuna sanduku la mbao lenye droo za peremende, na juu yake fremu kama jukwaa dogo. Mtu anafika kwenye uchochoro, anagonganisha vipande viwili vya mbao, watoto wanajaa. Anayenunua peremende anakaa mbele. Kisha hadithi inaanza: kadi zenye picha zimepangwa ndani ya fremu, anachomoa moja baada ya nyingine huku akisimulia kwa sauti za wahusika wote. Maneno yako mgongoni mwa kadi. Kisa kinakatwa pale shujaa anapoteleza kwenye ukingo wa mlima, na kesho lazima urudi, na ukirudi lazima ununue peremende. Mfumo wa manga za kila wiki umekaa humo wote.

Ufundi uko kwenye kuchomoa. Msimulizi mzuri hachomoi kadi yote. Anaivuta nusu, anasimama, na watoto wanaona kivuli cha mtu mlangoni ila mtu mwenyewe bado amefichwa na kadi iliyobaki. Akitaka mshtuko anaivuta kwa ghafla. Akitaka tetemeko anaitikisa. Huo ni uhariri wa filamu uliofanywa kwa vidole. Na picha zilichorwa zisomeke kwa mbali, na mtoto aliye nyuma kabisa: mistari minene, rangi kali, uso mkubwa.

Shujaa wake mkubwa alikuwa Ogon Bat, mwenye fuvu la dhahabu kwa uso na joho mabegani, anayeruka kutetea wanyonge. Alitokea mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930, kabla ya Superman wa 1938. Watu wanaodhani mashujaa wenye joho ni wa Wamarekani peke yao hushtuka kidogo.

Sasa mikono yenyewe. Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto vitani Rabaul, alichora kamishibai mjini Kobe katika miaka ya 1950 kabla ya kuhamia Tokyo na kuanza kuchora vitabu vya kukodisha. Kitaro wake, yule mtoto wa makaburini ambaye ameigizwa kwenye anime tangu 1968, alitokana na mhusika wa kamishibai. Sanpei Shirato, aliyeifanya manga ya ninja kuwa hadithi ya wakulima na dhuluma, alianzia kwenye kamishibai. Goseki Kojima, mchoraji wa Lone Wolf and Cub, naye vilevile. Hapa hubahatishi kufanana kwa mistari. Ni watu wale wale, wamebadilisha karatasi tu. Televisheni ilipoingia 1953, watu waliiita kamishibai ya umeme, na baada ya muda mfupi baiskeli zikatoweka mitaani.

Kuipata ndiko kugumu. Kadi nyingi za mitaani zilichorwa nakala moja moja, zikakodishwa kutoka mtaa hadi mtaa mpaka zikachakaa. Na hata ukiona picha zake, umeona nusu ya mchezo, kwa sababu msimulizi hayupo. Tafuta video ya mtu anayesimulia, hata kama huelewi neno, uangalie mikono yake.

Na mzazi asiyependa kutajwa

Ulinganisho huu ungekuwa wa uongo kama ningeishia hapo. Mwaka 1862 Mwingereza Charles Wirgman alianzisha Yokohama jarida la vibonzo, Japan Punch. Mwaka 1905 Rakuten Kitazawa akatoa Tokyo Puck, la rangi, kwa mtindo aliojifunza kwa Wazungu. Watu watatu waliotengeneza filamu za katuni za kwanza Japani mwaka 1917 walikuwa wameziona za Ulaya na Marekani kwenye kumbi za sinema. Mangaka Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928, alikuwa na kichaa cha Disney, na macho makubwa ya wahusika wake yametoka huko kuliko kwenye chapa yoyote ya Edo. Visanduku, viputo vya maneno, filamu yenyewe: hivyo ni vya kuja.

Ila alipotengeneza Astro Boy, katuni iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1963, pesa zilikuwa kidogo, na Tezuka akapunguza michoro. Uso unasimama tuli, mdomo peke yake unacheza. Picha moja inavutwa polepole huku sauti ikiendelea. Kwa hadhira ya Disney hilo lingekuwa udhaifu. Kwa watoto wa Japani, ambao kaka zao walikaa mbele ya sanduku la peremende, picha iliyosimama huku mtu akisimulia haikuwa kitu kigeni.

Basi uchague kipi?

Kama wewe unachora na mkono wako bado mgumu, chukua Hokusai, juzuu ya 3, ya 6 na ya 8, uache wimbi kwa muda. Ukimaliza nenda kwa Kuniyoshi ukajifunze kupanga watu wengi kwenye karatasi bila kuwasonga. Kama unatunga katuni na tatizo lako ni mwendo, kwamba mhusika yuko hapa kisha yuko pale na hapaingii uhai katikati, anza na Shigisan engi, lile gombo la ghala linaloruka, ulisukume kwenye simu kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, kisha urudie ukisimama kila penye mtu anayekimbia. Choju-giga ije ya pili.

Kama unaandika hadithi za kuendelea, za kutoa wiki kwa wiki kwenye mtandao, kamishibai itakufaa kuliko zote tatu, hasa kwa somo la mahali pa kukata. Na kama wewe ni mtu wa mabishano tu, unataka kushinda kwenye kundi, kariri kisa cha Jiraiya wa 1839. Kibyoshi niwaachie wanaojifunza Kijapani kwa dhati. Ni hazina, ila ufunguo wake unachukua miaka.

Na kwa atakayebahatika kufika Japani: Tokyo, mtaa wa Sumida, kuna makumbusho ya Hokusai yaliyofunguliwa 2016. Kyoto kuna Makumbusho ya Kimataifa ya Manga, yaliyo ndani ya jengo la iliyokuwa shule ya msingi tangu 2006, na humo kamishibai husimuliwa na mtu hai mbele ya watazamaji. Magombo ndiyo ya kuwa na tahadhari nayo, kwa kuwa karatasi na wino wa kale haviwekwi kwenye mwanga muda mrefu. Ukipanda mlima hadi Kozan-ji kwa ajili ya chura wako, unachoonyeshwa pale ni nakala. Magombo yenyewe yametunzwa kwenye makumbusho ya taifa ya Tokyo na Kyoto, na hutolewa kwa nadra, kwa hiyo uliza ratiba kabla ya kukata tiketi.